Mfongo wa Taulo Nyeupe

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, Baba Mkubwa Valerian alipiga magoti mbele ya kabati la mapokezi, akafungua vimilango viwili vya chini, akaingiza kichwa ndani. Kwanza alisikiliza. Akisharidhika na sauti ya maji, ndipo aliwasha tochi ya simu na kuanza kuhesabu.

Juu ya kabati lile kulikuwa na tangi la kioo la samaki, refu kuliko kitanda. Mwenye hoteli, Mama Violet, alilileta ili wageni wanaoshuka mlimani wakiwa hoi wapate kitu cha kutazama wanaposubiri ufunguo. Ndani ya kabati, chini ya tangi, kulikuwa na boksi jingine la kioo, dogo zaidi. Maji ya tangi yalishuka humo kwa bomba, yakapita kwenye sponji, yakaacha uchafu, halafu pampu ikayarudisha juu. Wafanyakazi waliliita boksi la chini. Mgeni angeweza kulala pale wiki nzima asijue kama lipo.

Sasa, pale juu maji yanapoingilia bombani, kuna meno ya plastiki ya kuwazuia samaki wasipite. Meno mawili yalikuwa yamevunjika. Samaki wadogo walipenya, wakashuka na maji, wakajikuta gizani. Wengine walikwama nyuma ya sponji. Wengine walivutwa na pampu wakaganda kwenye mdomo wake mpaka mapezi yakachanika. Baba Mkubwa aliwaokoa kwa chujio la chai alilolitoa nyumbani, mmoja mmoja, huku akiwasemesha Kichagga kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza ndama. Siku nyingine walikuwa watatu, siku nyingine kumi na moja. Akiwarudisha wote juu, ndipo alivua koti.

"Mzee Vale," Eliakim, mpishi, alizoea kumtania, "hao wakinenepa niambie. Mafuta ninayo."

"Kaanga viatu vyako."

Cha kuchekesha ni kwamba Baba Mkubwa hajawahi kula samaki maisha yake yote. Amezaliwa Kirua Vunjo, na mama yake alikuwa akisema samaki ni nyoka aliyekosa urefu. Wafanyakazi wakipikiwa dagaa yeye alihama meza. Ndiyo maana mimi nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, mtori au ndizi nyama, na ndiyo maana mengi ya haya niliyaona. Kuna siku nilimuuliza kwa nini anajisumbua na viumbe asivyovipenda.

"Nani kasema nawapenda?" alisema. "Mimi nashika maji. Sasa ukishika maji, waliomo utawaacha wapi?"

Kushika maji ndiyo kazi aliyoifanya Kirua miaka ishirini na sita. Kule kuna mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na wazee kwa mkono, unaochota maji mtoni kule juu msituni na kuyateremsha mpaka kwenye migomba ya watu. Njiani kuna nduwa, bwawa dogo linalokusanya maji usiku. Mshika mfongo hufunga nduwa jioni na kuifungua alfajiri. Yeye ndiye anajua zamu ya nani imefika, nani amezidisha, panya wametoboa wapi. Miaka ya karibuni maji ya mto yalipungua, na siku ya kuzibua mfongo vijana wakawa wanatuma salamu badala ya kuja na majembe. Baba Mkubwa akabaki anazibua na wazee wanne, halafu wawili. Mwishowe akashuka Moshi, akakaa kwetu, akapata kibarua cha bustani pale hotelini.

Hakuajiriwa kwa ajili ya tangi. Yule aliyekuwa akilitunza aliondoka baada ya Pasaka bila kumwonyesha mtu chochote, na siku ya tatu samaki wakaanza kuelea. Baba Mkubwa alikuwa anapita na mpira wa kumwagilia maua. Akasimama, akasikiliza, akasema, "Pameziba." Akafungua kabati, akakamua sponji, maji yakaanza kutembea. Mama Violet akamwambia, basi kuanzia leo ni lako.

Kwenye kioo cha boksi la chini kulikuwa na mstari mwekundu wa maka peni, katikati hivi, bila neno lolote. Baba Mkubwa hakumuuliza mtu maana yake. Kwenye nduwa ya kwao kuna jiwe lenye alama iliyochongwa, na kila mtoto wa pale anaijua: maji yakiwa chini ya alama hufungui, subiri yajae. Kwa hiyo aliona fundi aliyelifunga tangi naye amechora jiwe lake. Kila asubuhi, akishaokoa samaki, aliongeza maji mpaka boksi likakaribia ukingo, kisha akalitazama kidogo kabla ya kufunga milango. Huko kwao nduwa iliyojaa ni sifa ya mshika mfongo. Ikiwa nusu, watu wanakusema hata kanisani.

Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, lakini jenereta ya hoteli iliwaka yenyewe kabla hujamaliza kusema "umekatika". Hivyo miezi ikapita, na boksi likawa linajazwa vile vile.

Mwezi wa nane alikuja Martha, dada wa usafi. Alitoka Holili. Mume wake alifariki, na mapacha wake wa miaka minne walikuwa kwa bibi yao wakisubiri mama apate chumba cha kuwatosha. Hoteli ilimpa miezi mitatu ya majaribio. Akipita, anapewa mkataba. Alimwita Baba Mkubwa "Meku", kama tunavyowaita wazee kwa Kichagga, na samaki aliwaogopa wazi wazi.

"Meku, huyu wa zambarau ananikodolea macho."

"Amekuona unavyodeki. Umeruka kona."

"Mwambie aje adeki yeye!"

Walikuwa hivyo kila siku. Martha alimwachia chai kwenye chupa, naye alimbebea ndoo nzito. Ikabaki wiki tatu majaribio yake yaishe.

Jumamosi moja palikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Mama Violet alitaka sakafu ya mapokezi ing'ae kabla ya wageni, akamwambia Martha atumie ile mashine ya kusugua. Soketi ya karibu ilikuwa nyuma ya kabati. Martha akachomoa plagi iliyokuwepo, akachomeka mashine, akamwaga sabuni upande wa ngazi, akaanza. Plagi aliyoichomoa ilikuwa ya pampu.

Mimi nilifika saa nne na nusu na hotpoti mkononi. Nilisikia Martha kabla sijamwona.

"Yesu na Maria! Yesu na Maria!"

Maji yalikuwa yanatoka chini ya milango ya kabati kama yametumwa. Yalikuwa yameshafika kwenye zulia. Na humo ndani ya maji walikuwamo wale wadogo, walioshuka tangu asubuhi na wengine waliokuwa wanaendelea kuteremshwa, wanarukaruka kwenye maji ya kina cha kidole. Martha alikuwa anayasukuma kwa dekio, analia, na kila akisukuma anawapeleka kwenye povu la sabuni.

Baba Mkubwa aliingia na mabuti yenye tope.

"Acha dekio! Martha, acha! Ile sabuni inawaua!"

Akatupa jicho sakafuni mara moja tu. Nadhani alikuwa anatafuta mteremko. Juu ya kaunta palikuwa na taulo za vyumba, nyeupe, zimekunjwa vizuri, labda arobaini. Akazibeba kifuani zote. Akaanza kuzisokota na kuzilaza sakafuni, moja ikigusana na nyingine, mstari mmoja, halafu wa pili sambamba nao, kutoka kwenye kabati, kuizunguka nguzo, mpaka kwenye mlango wa mbele. Alizikandamiza kwa kiganja, vile wanavyokandamiza udongo kwenye ukingo.

"Eliakim! Beseni kubwa, weka chini ya ngazi ya nje. Chota maji ya tangi utie humo kwanza. Ya tangi, si ya bombani!"

"Mzee, ni taulo za wageni hizo..."

"Beseni!"

Halafu akafungua kwa mguu taulo moja iliyokuwa imeziba pale kabatini, na maji yakageuka. Yaliacha kutambaa kwenda kwenye sabuni, yakaingia kati ya taulo, yakapita, yakazunguka nguzo, na samaki ndani yake. Waliteleza mpaka mlangoni, wakadondoka kwenye beseni mmoja mmoja. Wageni wa kwanza wa sendofu walikuwa wamefika nje na magauni yao ya kitenge. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Kila samaki akidondoka wanapiga makofi. Simu zikainuliwa.

Mama Violet akatokea ngazini. "Taulo zangu!" Hakuendelea, kwa sababu wageni walikuwa wanashangilia.

Maji yalipokwisha kushuka, Martha alikimbilia plagi. Baba Mkubwa akamshika mkono.

"Bado. Ukiwasha pampu sasa hivi inawanyonya waliobaki."

Akalala kifudifudi sakafuni, akaingiza mkono kwenye boksi mpaka begani. Alitoa sponji polepole, akawachota waliokuwa wamejibana nyuma yake. Mdomo wa pampu aliupapasa kwa vidole mpaka akahakikisha hauna mtu. Alisema hivyo hivyo, "hauna mtu". Halafu akasema, "Haya, chomeka."

Wazima walikuwa arobaini na wanne. Saba walikufa. Zulia liliharibika, na bibi harusi mtarajiwa alipitishwa mlango wa jikoni.

Jioni ile Martha aliitwa ofisini. Hakujitetea hata kidogo. Alisema, "Ni kweli, mama. Nilichomoa mimi." Akaambiwa asije tena, Jumanne apitie vitu vyake.

Jumatatu nilimkuta Baba Mkubwa amevaa shati jipya la kaki lenye jina lake kifuani kwa uzi mwekundu. Ile video ya mfongo wa taulo ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu, na Mama Violet alikuwa ameamua kumtoa kwenye kibarua na kumwandikia mkataba wa kutunza maji ya hoteli nzima, tangi pamoja na bustani. Alikuwa na furaha, nisiseme uongo. Alilivuta lile shati mara mbili mbili.

"Linabana kwapani," alisema, "lakini jina wameliandika sawa."

Siku hiyo hiyo alikuja Calvin, fundi kijana kutoka Arusha, aliyelifunga tangi lile mwanzoni. Alileta meno mapya ya plastiki. Akafungua kabati, akachuchumaa, akapiga mluzi.

"Shikamoo mzee. Nani anajaza hili boksi?"

"Marahaba. Mimi."

"Mpaka hapa juu?"

"Mpaka hapo juu. Kila siku. Kuna ubaya?"

Calvin alikaa sakafuni kabisa. "Mzee, pampu ikizima, maji yote yaliyo juu ya yale meno yanashuka humu. Lazima yakute nafasi. Ndiyo maana nilichora huu mstari, yasizidi hapa. Wewe umeyakuta yamejaa, ukayajaza tena?"

"Niliyakuta kwenye mstari."

"Basi yalikuwa sawa."

Baba Mkubwa aliinama akautazama ule mstari. Nilikuwa nafungua hotpoti, nikaacha kufungua.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "yangekuwa mstarini, na yule dada akachomoa ile plagi..."

"Angechomoa mpaka saa sita, lisimwagike hata tone." Calvin akaona uso wa mzee, akashusha sauti. "Lakini achana nayo, mzee wangu. Si kesi imeisha? Kuchomoa alichomoa kweli. Na mimi nina makosa, sikuandika hata neno pale. Nitaweka hayo meno, tutashusha maji, tumemaliza."

"Kaa hapa," Baba Mkubwa alimwambia. "Usiondoke."

Ofisi ya Mama Violet haifungwi mlango mchana kwa sababu ya joto. Nilisikia kila kitu.

"Mama, Martha hakumwaga yale maji."

"Mzee Vale. Amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Amekiri kuchomoa. Aliyejaza ni mimi. Boksi lilitakiwa kuwa nusu, nikalijaza. Nilidhani ni nduwa."

"Ni nini?"

"Calvin atakueleza."

Calvin akaitwa. Alijikuna shingo, akatafuta maneno laini, lakini akasema ukweli wote. Mama Violet alivua miwani, akaifuta na kanga yake. Yeye si mtu mbaya. Siku mtoto wa Eliakim alipolazwa hospitali ya Mawenzi, ndiye aliyekuwa anampelekea uji. Ila hapendi kurudi nyuma akishasema neno.

"Unambeba, mzee. Unawafikiria wale mapacha."

"Simbebi. Nawafikiria, ndiyo, lakini simbebi."

"Sasa nifanyeje? Kila mtu nimemwambia ni Martha. Na wewe nimeshakushonea shati. Basi, umeshajua kosa, hutarudia. Tuendelee."

"Kwetu haiendi hivyo," alisema Baba Mkubwa. "Mfongo ukibomoka mkononi mwa mshikaji, ukalowesha nyumba ya mtu, kama ni bahati mbaya hapigwi faini. Lakini anakabidhi. Anamtafuta yule aliyeumizwa na maji, anamwonyesha kila kitu kwa mdomo, kutoka yanapoanza mpaka yanapoishia. Halafu anaondoka, na haji tena kuchungulia."

"Hii ni hoteli, mzee."

"Maji ni yale yale."

"Na huyo Martha anaogopa samaki! Wewe mwenyewe unajua."

"Ndiyo vizuri. Mimi sikuogopa, na umeona."

Mama Violet alicheka bila kutaka, akaacha. Calvin alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ukiondoka nitapata wapi mtu kama wewe?"

"Mpe Martha mkataba wangu. Nipe kesho asubuhi niongee naye. Basi."

Mama Violet alivaa miwani yake. Alichukua simu, akatafuta namba ya Martha.

Jumanne Martha alikuja na mfuko wa rambo wa kubebea vitu vyake, akiwa hajaamini alichoambiwa kwenye simu, kwamba mkataba ni wake. Baba Mkubwa alivaa shati lake la zamani. Walipiga magoti wote wawili mbele ya kabati. Alimwambia asikilize kwanza kabla ya kuwasha tochi. Pampu ikiwa nzima inanguruma kama paka aliyeshiba. Ikianza kukwaruza, kuna kitu mdomoni. Alimwambia samaki gani wajinga, gani wajanja, nani anauma wenzake. Sponji ikamuliwe mara mbili kwa wiki, kwa maji ya tangi lile lile, siyo ya bombani. Akamshika kidole akakiweka kwenye mstari mwekundu.

"Hapa. Yasizidi. Sema."

"Yasizidi hapa."

"Tena."

"Meku, si nimesema!"

"Mimi hakuna aliyenisemesha. Tena."

"Yasizidi hapa."

Kulikuwa na samaki mmoja aliyepenya kabla meno mapya hayajafungwa, amejificha pembeni ya pampu. Baba Mkubwa hakumchota. Alisogea akamwachia Martha nafasi. Martha alifumba jicho moja, akapeleka mkono, akautoa, akaupeleka tena. Aliposimama na yule samaki kwenye chujio, maji yalikuwa yanamchuruzikia kwenye kiwiko. Akamwachia tangini. Samaki akakaa kidogo kama aliyepotea, kisha akaenda.

"Ameenda," Martha alisema.

"Ameenda."

"Jumamosi utakuja basi uniangalie? Jumamosi moja tu."

"Nikija utaniuliza mimi. Ukiniuliza mimi hutayasikiliza maji."

Akashika kabati, akainuka, magoti yakalia. Wafanyakazi hutokea geti la nyuma, lakini yeye siku ile alipitia mlango wa mbele. Mama Violet alimwita kutoka ofisini.

"Mzee Vale! Chai basi."

"Nimeshakunywa, mama. Asante."

Nikamfuata na hotpoti yangu. Alivuka barabara, akashika njia ya kwenda juu. Hakuwa na haraka. Tulikuwa tumefika kwenye duka la kona Martha alipotoka mbio mpaka ngazini, mikono imelowa, akapaza sauti.

"Meku! Sponji ni mara ngapi kwa wiki?"

Alisikia. Niliona mabega yamesimama. Alifungua mdomo, nikadhani anajibu, halafu akaufunga.

Tulimsikia Martha akijijibu kule ngazini, kwanza kwa kunong'ona kama mtu anayehesabu, halafu kwa nguvu, "Mara mbili!" Kisha mlango ukagonga, amerudi ndani. Baba Mkubwa akaendelea kutembea. Tangu siku ile hajakanyaga pale, hata kupita nje.